Picha za karakana kuukuu Nakuru: jinsi ya kuzisoma hadi zitoe miaka na majina

Picha huniletewa kila namna: kwenye simu, ndani ya bahasha ya kaki, nyingine ikiwa bado imegandana na kioo cha fremu. Karibu zote ni za karakana iliyokuwa ikitengeneza plau, matrela na mashine za kupukuchua mahindi mahali fulani kando ya reli, Nakuru mjini, Njoro, Molo au Gilgil. Na swali huwa lile lile: "Hii ni ya mwaka gani?"

Shida ni kwamba swali hilo hufika likiwa limechelewa. Picha imeshafutwa kwa kitambaa kibichi, nyuma imeandikwa "1920" kwa bairo, na wazee watatu wameshaulizwa, kila mmoja akataja mwaka wake. Picha imechubuka, wazee wamechoka, na karakana haijajulikana hata kidogo.

Kwa hiyo nimeandika utaratibu wote hapa, hatua kwa hatua. Ukiwa Kisumu au Kitale utakufaa vilevile, ila mlima na ziwa vitabadilika. Kanuni yake ni fupi: tazama kwanza, uliza baadaye, na mwaka uutafute kwenye kitu kipya kuliko vyote pichani, si kwenye kile kilichozeeka zaidi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Lenzi ya kukuzia, ile ndogo ya fundi saa inatosha.
- Penseli laini, 2B au 4B. Bairo na kalamu ya wino ziache nyumbani.
- Brashi ndogo yenye nywele laini, kavu kabisa.
- Bahasha za karatasi nyeupe za kawaida. Usitumie mifuko ya plastiki, hutunza unyevu.
- Skana ya mezani. Ukiikosa, simu yenye kamera nzuri na meza iliyo karibu na dirisha.
- Rula, daftari, na diski mbili za kuhifadhia faili.
- Nakala kubwa za picha zilizochapishwa kwenye karatasi ya A4, za kuwaonyesha wazee.
- Uzi wa kusafishia meno. Kazi yake utaiona punde.

## Hatua ya 1: Zipokee picha bila kuziumiza

Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa. Shika picha kwa kingo. Vumbi liondoe kwa brashi, kutoka katikati kwenda nje. Maji, mate, spiriti na kitambaa cha macho visiguse uso wa picha, kwa sababu taswira imelala juu ya utando mwembamba wa jelatini, na jelatini ikilowa huvimba na kung'oka.

Picha iliyogandana na kioo usiibandue. Iskani hivyo hivyo ikiwa ndani ya kioo. Nimeona uso mzima wa fundi ukibaki kwenye kioo, karatasi ikatoka tupu.

Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu zimeua picha nyingi za miaka ya 1970 na 1980. Hapo ndipo uzi wa meno unapoingia: upitishe taratibu chini ya kona moja, uuvute kwenda na kurudi kama msumeno, bila kuinua karatasi. Ukikwama, acha.

Andika picha ilitoka wapi na ilikuwa ya ngapi kwenye sanduku au albamu. Mpangilio huo ni ushahidi. Picha isiyo na maelezo iliyokaa kati ya mbili zenye tarehe imeshakupa nusu ya jibu.

Onyo kuhusu negativu. Filamu za zamani za nitreti, zilizotengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto kwa urahisi wa kutisha, na joto la chumba cha mabati ni adui yake. Tazama ukingo wa filamu: ukisoma neno SAFETY, uko salama. Usipoliona, na filamu imegeuka rangi ya kahawia au inanata, iweke peke yake kwenye bahasha ya karatasi, mahali penye ubaridi na hewa, mbali na jiko na taa. Ikinuka siki, hiyo ni aina nyingine, asetati inayooza. Hailipuki, lakini inajikunja kila mwezi unaopita, kwa hiyo iwe ya kwanza kunakiliwa.

*Utajua umefaulu* kila picha ikiwa na bahasha yake, bahasha ikiwa na namba, na namba ikiwa kwenye daftari pamoja na jina la mwenyewe.

## Hatua ya 2: Nakili kabla ya kuchunguza

Usianze kuchungulia kwa lenzi huku asili ikizunguka mikononi mwa jamaa kumi. Nakili kwanza.

Kwa picha ya karatasi, weka skana kwenye nukta 600 kwa inchi. Picha ndogo ya ukubwa wa kiganja ipe 1200. Negativu ya milimita 35 inahitaji 2400 na zaidi. Hifadhi faili kuu kama TIFF, kisha toa JPEG ya kutumiana. Iskani kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, maana umanjano wa karatasi na wino wa muhuri ni habari pia.

Ukitumia simu, laza picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, zima flashi, na simu iwe sambamba na meza. Piga kutoka juu, usiinamishe.

Kisha geuza picha, iskani nyuma. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Nyuma kuna muhuri wa studio, namba ya oda, jina la mtu kwa penseli iliyofifia, wakati mwingine sanduku la posta. Mtu hunitumia mbele peke yake, na mbele ndiko kwenye habari kidogo zaidi.

Faili zipe majina yanayoeleweka: namba ya bahasha, kisha "mbele" au "nyuma". Weka kwenye diski mbili, kila moja katika nyumba yake.

## Hatua ya 3: Isome karatasi yenyewe

Usiangalie taswira bado. Angalia kingo, unene na mgongo.

Kingo zilizokatwa kama meno madogo zilipendwa sana tangu miaka ya 1930 hadi ya 1960. Karatasi inayoteleza kama plastiki, isiyojikunja, ilianza kuenea miaka ya 1970. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundu au zambarau mara nyingi ni ya miaka ya 1970. Picha nyingine za miaka ya 1960 zina mwezi na mwaka uliochapwa kwenye ukingo mweupe, lakini hiyo ni tarehe ya kusafishwa. Filamu inaweza kukaa ndani ya kamera tangu mavuno hadi mavuno.

Onyo moja tu: karatasi hukupa umri wa *nakala*. Picha ya 1938 iliyochapishwa upya 1975 itakuwa na karatasi ya 1975. Ukiona karatasi mpya na mambo ya kale ndani yake, tafuta negativu.

## Hatua ya 4: Isome taswira kwa miraba tisa

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Itengee asubuhi nzima.

Kwenye nakala ya A4 chora mistari miwili wima na miwili ya mlalo upate miraba tisa. Anza na mraba wa juu kushoto, umalizie chini kulia. Katika kila mmoja andika unachokiona, si unachokidhani. Andika "mtu mwenye kofia", usiandike "mwenye kiwanda". Andika "gurudumu kubwa lenye mkanda", usiandike "injini". Sababu ni kwamba jicho hukimbilia katikati, kwa trekta na bwana mwenye kofia, na ushahidi wenye nguvu hukaa pembeni ambako mpiga picha hakujali.

Tuchukue picha moja tuifanyie kazi pamoja. Ina ukubwa wa kiganja, kingo za meno. Familia iliyonayo iko Njoro, na walikuwa na hakika kwamba ni ya 1912 kwa sababu ndivyo bibi yao alivyosema siku zote.

Kushoto amesimama Mzungu mwenye kofia pana, mkono juu ya boneti ya trekta. Katikati kuna plau ya diski, mpya, rangi bado inang'aa. Nyuma, juu kabisa, kuna kipande cha behewa la reli. Kulia, chini, nusu yake ikiwa imekatwa na ukingo wa picha, kuna mtu amechuchumaa kando ya fuawe, koleo mkononi. Kifuani pake pananing'inia kitu kidogo cha bati kwenye kamba.

Nyuma ya picha pana jina moja tu, la yule mwenye kofia.

### Trekta na mashine

Tairi za mpira kwenye trekta zilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kabla ya hapo yalikuwa magurudumu ya chuma yenye meno. Trekta ya picha yetu ina tairi za mpira. 1912 imeanguka hapo hapo, bila kumvunjia bibi heshima.

Majina kwenye boneti yana mipaka yake. Fordson lilitumika tangu 1917 hadi 1964. Ile Ferguson ndogo ya kijivu yenye boneti ya mviringo, TE20, ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, zaidi ya 500,000. Ferguson iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na jina Massey Ferguson likashika 1958. Boneti yenye pembe za mraba ya MF 135 ni ya 1964 na kuendelea. Kwa hiyo anayekuonyesha MF 135 akisema ni "wakati wa vita vya Hitler", mjibu kwa upole.

Kumbuka mashine za shambani hufa polepole. MF 135 zingali zikilima leo. Trekta hukuambia picha *si ya kabla ya* mwaka fulani, haikuambii picha iliishia wapi.

Kuna mashine nyingine isiyokusaidia kabisa: injini ya Lister yenye magurudumu mawili mazito, ile iliyokuwa ikilia kwenye kila kisiagi cha unga. Muundo wake ulitengenezwa kwa zaidi ya miaka 50 bila mabadiliko makubwa, na India wakaunakili. Ukiiona, andika "Lister", upite.

Ndani ya karakana tazama dari. Shafti moja ndefu yenye puli nyingi, na mikanda ikishuka kwa kila mashine ya kukereza na kutoboa, maana yake injini moja iliendesha kazi yote. Kila mashine ikiwa na mota yake, umeme ulishafika na kuzoeleka.

### Reli

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu Nakuru ni mji wa reli. Njia ilifika hapa 1900, ikaingia Kisumu 1901. Karakana kubwa za zana zilipenda kukaa karibu na njia ya pembeni, maana chuma na plau zilishuka kutoka behewani.

Soma herufi za ubavuni. U.R. ni Uganda Railway. K.U.R. ni Kenya and Uganda Railway, jina lililoanza 1926. E.A.R. ni reli ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1948. Kenya Railways ilizaliwa baada ya Jumuiya kuvunjika 1977.

Kwenye picha yetu, kwa lenzi, zilionekana herufi mbili na nusu: K, U, na mguu wa R. Kwa hiyo si kabla ya 1926. Lakini usiseme "si baada ya 1948", kwa sababu behewa halikupakwa rangi siku jina lilipobadilika. Jina jipya huweka mpaka wa chini ulio imara, jina la zamani haliweki mpaka wa juu.

### Kipande

Sasa yule mtu wa kulia. Kile kibati kifuani ni kipande. Sheria ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba karatasi ya usajili yenye alama za vidole na jina la mwajiri, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ilishika kasi tangu 1920 hivi, ikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Watu walikichukia, wakakivua siku waliyoruhusiwa. Kwa hiyo kipande, tofauti na behewa, hukupa mpaka wa juu unaoaminika.

Kitazame vizuri kwa sababu nyingine. Mwenye kipande ndiye mwenye koleo. Katika picha hizi jina huandikwa la aliyegusa boneti, na aliyefua chuma hukatwa na ukingo. Ninapoisoma picha ya karakana, mtu wa kwanza ninayemtafutia jina ni huyo.

### Maandishi, ukuta na magunia

Vingine nitavitaja kwa haraka.

Picha ya kiongozi iliyotundikwa ofisini ni kalenda bora kuliko kalenda. Jomo Kenyatta alifariki Agosti 1978, Moi akakaa hadi Desemba 2002, kisha Kibaki hadi 2013. Kalenda yenyewe iamini nusu. Watu huacha ya mwaka juzi ukutani kwa ajili ya picha yake.

Magunia na maghala yenye KFA, chama cha wakulima (Kenya Farmers Association), ni ya baada ya 1923. Yenye KGGCU, ushirika wa wakulima wa nafaka uliochukua nafasi yake, ni ya baada ya 1984. Kibao cha kampuni ya umeme, East African Power and Lighting, ni cha kabla ya jina kubadilishwa 1983. Stempu za bahasha iliyobeba picha zikisomeka Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, ni za 1935 na kuendelea, hadi karibu na Uhuru. Namba ya gari yenye herufi ya mwisho, mfano wa KAA 001A, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Namba ya simu inayoanza na 051 na sanduku la posta lenye 20100 ni mambo ya miaka ya 2000.

*Utajua umefaulu* ukiwa na orodha ya vitu visivyopungua kumi, na angalau vitatu vinavyobeba mwaka.

## Hatua ya 5: Weka mipaka miwili

Chora mstari daftarini. Kushoto andika "si kabla ya", kulia "si baada ya". Upande wa kushoto chukua mwaka ulio *mkubwa* kuliko yote, yaani wa kitu kipya zaidi. Upande wa kulia chukua ulio mdogo.

Picha yetu: behewa linasema si kabla ya 1926. Tairi zinasema si kabla ya mwanzo wa miaka ya 1930. Tairi zinashinda. Kipande kinasema si baada ya mwisho wa miaka ya 1940. Kingo za meno zinakubaliana. Basi picha ni ya kati ya mwanzo wa miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1940.

Miaka kumi na tano hivi, na hilo ni jibu la heshima. Usikubali kushawishiwa uandike mwaka mmoja ili picha ipendeze. Mwaka wa uongo ukishaandikwa nyuma kwa bairo, kizazi kizima kitaunakili.

Vidokezo vikigongana, kwa mfano kipande na Ferguson ya 1956, mara nyingi hukuona vizuri. Rudi kwenye lenzi: pengine kile kibati ni filimbi ya nyapara.

## Hatua ya 6: Tafuta mpiga picha alisimama wapi

Nakuru inakurahisishia. Menengai iko kaskazini, ziwa liko kusini. Ukiuona mgongo wa Menengai nyuma ya paa, kamera ilitazama kaskazini.

Sasa vivuli. Mji uko kusini kidogo tu mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini na vivuli vifupi huanguka kuelekea ziwani. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Machi ni kinyume, vivuli vifupi huelekea Menengai. Hii inafaa kwa picha ya saa sita tu. Kivuli kirefu cha asubuhi au jioni hakikuambii msimu.

Beba nakala, uende ukasimame hapo. Linganisha mstari wa mlima na pembe za paa, si miti. Miti imekatwa na mingine imepandwa. Usitumie ukingo wa ziwa kama alama, kwa kuwa maji yamepungua na kupanda mara nyingi, na katika miaka ya hivi karibuni yamemeza barabara na mageti ya hifadhi.

Onyo: ukikuta karakana ingalipo na ina mwenyewe, bisha hodi na uombe ruhusa kabla ya kutoa simu. Mtu akikuona unapima ukuta wake na karatasi mkononi, atadhani umekuja kwa habari ya ploti.

## Hatua ya 7: Sasa nenda kwa wazee

Umefika ukiwa na mipaka yako. Huendi kuomba mwaka, unakwenda kuomba kazi na majina.

Chagua asubuhi. Beba sukari na majani ya chai kama adabu inavyotaka, na nakala ya A4 mbili. Kaa upande wa mwanga ili picha isimwakie. Omba ruhusa ya kurekodi, na ukikataliwa, andika kwa mkono.

Kosa linalorudiwa ni hili: "Mzee, hii ni mwaka gani?" Mzee atataka kukusaidia, atakisia, na ukishaandika kisio lake litageuka ushahidi. Weka kidole kwenye kitu na uulize mkono ulikuwa ukifanya nini.

Nilikaa na mzee mmoja mtaa wa Bondeni, Nakuru, fundi wa zamani wa kukereza. Nilianza vibaya, nikamuuliza kama anaikumbuka karakana. "Karakana zilikuwa nyingi, kijana wangu." Akanyamaza. Nikaweka kidole kwenye koleo.

"Na hili, baba, ni la kushikia nini?"

Akaivuta picha karibu. "Hilo si la kushikia kitu kidogo. Midomo yake imepinda. Hilo ni la ncha ya plau. Ncha ikiisha kwa mawe ya kule juu Molo, haitupwi. Unaichoma mpaka iwe rangi ya chungwa bivu, unaivuta kwa nyundo, unaizamisha ncha tu kwenye maji, si yote. Ukizamisha yote inapasuka kama biskuti." Kisha, bila mimi kuuliza: "Na huyu amekaa hivi kwa sababu mguu wake wa kushoto haukukunja. Huyu namjua kwao. Wana nyumba karibu na msikiti."

Koleo lililopinda ndilo lililotufikisha kwa familia.

Ukitaka wakati, funga kumbukumbu kwenye matukio, sio namba. "Ulikuwa umeshaoa?" "Ilikuwa kabla ya Hali ya Hatari?" Hiyo ilitangazwa Oktoba 1952. "Kabla ya bendera?" Desemba 1963. "Mzee Kenyatta alikuwa hai?" "Ilikuwa kabla ya njaa ya 1984?" Majibu ya namna hii hugeuka miaka bila kumlazimisha mtu kukisia.

Usimpe jina mdomoni. Ukisema "Huyu si fulani?" atasema ndiye. Mwulize kila mzee peke yake, usimwambie mwenzake alisema nini. Jina likitajwa na wawili wasiokutana, liandike kwa uhakika.

Uliza pia kuhusu Kalasinga. Mafundi wa Kipunjabi walioletwa kwa ajili ya reli, na watoto wao, waliendesha karakana nyingi za chuma katika miji ya Bonde la Ufa, na vijana wengi Waafrika walijifunzia kazi mikononi mwao. Familia hizo mara nyingi zina albamu iliyotunzwa vizuri kuliko ya mwenye shamba.

Onyo zito. Picha ya karakana inaweza kugusa ardhi, kufukuzwa kazi, au ghasia za baada ya uchaguzi zilizotokea Nakuru mapema 2008. Mzee akinyamaza, nyamaza naye. Akisema "hilo liache", liache, na usiliandike popote.

*Utajua umefaulu* ukitoka na neno moja la kazi ambalo hukulijua, na jina moja la mtu ambaye nyuma ya picha hakuandikwa.

## Hatua ya 8: Zipe nyaraka nafasi ya kukukosoa

Anza na Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, linalotoka tangu 1899. Matoleo mengi ya zamani yamewekwa kwenye intaneti na yanasomeka bure. Tafuta jina la mwenye karakana, kisha sanduku la posta peke yake. Utakuta matangazo ya ubia kuvunjwa, kampuni kufilisiwa, mirathi na leseni. Andika jina kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, kwa sababu majina ya Kihindi na ya Kiafrika yalipindwa ovyo.

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi. Omba ripoti za mwaka za wilaya ya Nakuru na za idara ya kilimo. Kwa kampuni iliyosajiliwa, fanya utafutaji wa msajili wa biashara kupitia eCitizen. Kenya Weekly News, gazeti la walowezi lililochapishwa hapa hapa Nakuru, lilijaa matangazo ya plau na matrekta. Uliza pia picha za maonyesho ya kilimo, maana kila karakana yenye jina ilitaka kibanda huko na ilipiga picha mbele yake.

Plau yenye chapa ya Ransomes ya Ipswich inaweza kulinganishwa na katalogi zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya maisha ya vijijini huko Reading, Uingereza. Waandikie, uambatanishe picha ya chapa iliyokuzwa. Usiwatumie picha nzima ukitumaini wataiona.

Nyaraka ikikupinga, rudi hatua ya 5 na usogeze mpaka. Usiilazimishe picha ikubali.

## Hatua ya 9: Andika maelezo, urudishe picha

Maelezo yawe na sehemu tatu: tunachokijua, tunachokidhani, na aliyetuambia. Hivi ndivyo ya picha yetu yalivyo:

"Uwanja wa karakana ya zana za kilimo kando ya reli, eneo la Nakuru. Kati ya mwanzo wa miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1940, kwa tairi za trekta na kipande. Kamera inatazama kaskazini. Kulia: fundi wa kufua ncha za plau, ametajwa na mwenzake wa kazi na binti yake, kila mmoja kwa wakati wake. Kushoto: jina limeandikwa nyuma kwa penseli, mwandiko wa zamani. Asili iko kwa familia, Njoro."

Nyuma ya picha asili andika namba ya bahasha tu, kwa penseli, kwenye ukingo, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Mengine yote yakae daftarini na ndani ya faili.

Chapisha nakala nne au zaidi. Moja ya mwenye picha, moja ya kila mzee aliyesaidia, moja ya familia ya aliyetambuliwa, moja yako. Zipeleke mwenyewe, kwa mkono.

Ya binti wa fundi niliipeleka Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nimeandika jina la baba yake nyuma, kwa penseli, kama ninavyowafundisha. Aliigeuza, akalisoma, akanirudishia. Akaniomba niliandike tena mbele, chini ya picha, kwa herufi kubwa, wajukuu walione bila kuigeuza.